Daftari la Etty: Kushukuru Wakati wa Dhiki

Kuna watu walioumbwa na moyo laini. Akisikia kilio mtaa wa pili, chakula hakipiti. Akigombezwa asubuhi, siku nzima imeharibika. Watu hawa huambiwa "Jikaze bwana!" halafu basi, maneno yameisha. Wengi wao ndio hao hao wanaoficha mashairi chini ya godoro. Siku hizi wanapewa na ushauri mwingine: tafuta daftari, kila usiku andika mambo matatu ya kushukuru, moyo utatulia. Je, dawa hii inafaa pale dunia inapowaka moto kweli kweli? Hebu tumtazame mtu aliyeijaribu mahali pagumu mno.

Jina lake Etty Hillesum. Alizaliwa Middelburg, Uholanzi, tarehe 15 Januari 1914, katika familia ya Kiyahudi. Baba alikuwa mwalimu wa Kigiriki na Kilatini. Mama alikuwa mkimbizi kutoka Urusi. Nyumbani hapakuwa na utulivu, na ndugu zake wawili wa kiume walipata kutibiwa maradhi ya akili. Etty alisoma sheria mjini Amsterdam, akafundisha Kirusi, na ndoto yake ilikuwa kuwa mwandishi. Lakini leo yuko juu, kesho yuko chini: kichwa kinauma, tumbo linakata, kazi haiendi.

Mei 1940 majeshi ya Hitler yaliivamia Uholanzi. Machi 1941, akiwa na miaka 27, Etty alianza kuandika shajara. Ilikuwa sehemu ya tiba ya Julius Spier, Myahudi aliyekimbia Ujerumani, ambaye alikuwa amesoma kwa mwanasaikolojia Carl Jung. Kurasa za mwanzo si za shukrani hata kidogo. Ni za mtu anayejichambua na kujilaumu. Shukrani ilikuja polepole, tena ikakua kadiri hali ilivyozidi kuwa mbaya. Hapo ndipo penye ajabu.

Na hali yenyewe si mchezo. Mwanzoni mwa Mei 1942 Wayahudi wa Uholanzi waliamriwa kuvaa nyota ya manjano. Kufikia mwisho wa Juni baiskeli marufuku, na Mholanzi bila baiskeli ni kama mtu aliyekatwa miguu. Tramu marufuku. Ikifika saa mbili usiku, wote ndani. Etty aliyaandika makatazo hayo moja moja. Kisha katika madaftari yayo hayo akaandika juu ya anga, ambayo hakuna aliyeweza kuitundikia kibao cha marufuku. Juu ya meza yake ya kuandikia na mashairi ya Rilke. Juu ya asumini iliyochanua nyuma ya nyumba. Mvua ilipoyapukutisha maua yale meupe, yakaelea kwenye madimbwi machafu juu ya paa la gereji, aliliandika na hilo pia.

Sisi wengi tumefundishwa shukrani ya namna nyingine. "Shukuru, wenzako hawana hata hicho," maana yake nyamaza. Hiyo ni kufuli ya mdomo. Etty hakufuta mabaya ili ayaone mazuri. Aliyaweka yote mawili mbele ya macho. Mwaka 2003 wanasaikolojia wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu walioandika mambo ya kushukuru kila wiki, kwa wiki kumi, waliyaona maisha yao kuwa mema kuliko wale walioandika kero zao. Sawa. Lakini Etty hakuchagua orodha moja akaiacha nyingine.

Wala daftari halikumfungia chumbani. Julai 1942 alipata kazi ofisini kwa Baraza la Wayahudi, kazi iliyoweza kumkinga kwa muda. Hakuipenda. Akaomba mwenyewe kwenda kuhudumu kambi ya Westerbork, ambako makumi ya maelfu ya watu walisafirishwa kupelekwa kwenye kambi za mauaji. Huko yule wa kuumwa kichwa akawa mtu wa kuzunguka kwenye vibanda akiwasaidia wagonjwa na kina mama. Marafiki walitaka kumficha, akakataa; alitaka kushiriki yatakayowapata wenzake. Hapo mimi simfuati. Kuna Wayahudi waliofichwa wakapona, na kushukuru hakumkatazi mtu kukimbia.

Tarehe 7 Septemba 1943 alipakiwa kwenye treni pamoja na wazazi wake na ndugu yake Mischa. Alirusha kadi ya posta nje ya behewa. Wakulima wakaiokota wakaiposti. Tarehe iliyoandikwa ya kifo chake Auschwitz ni 30 Novemba 1943. Alikuwa na miaka 29.

Madaftari alikuwa amemwachia rafiki, yamfikie mwandishi Klaas Smelik. Wachapishaji waliyakataa, na ni mwaka 1981, miaka 38 baadaye, ndipo kitabu kilipotoka. Leo anasomwa kwa lugha nyingi.

Tusidanganyane basi: daftari halikumwokoa Etty. Kilichookoka ni jicho lake. Waliomnyang'anya baiskeli, tramu na jina zuri la jirani hawakuweza kumlazimisha aione dunia kwa chuki yao.

Kijana mwenzangu, kama moyo wako ni laini, usiuonee haya. Ndio huo huo unaoona ua juu ya paa wakati wengine wanaona tope tu. Chukua daftari. Andika kilichokuumiza leo, kwa jina lake na tarehe yake. Chini yake andika kilichobaki kizima. Usikifute cha juu.