Gari moshi la mnadani, na historia ya kichezeo kinachochemsha maji

SEHEMU YA 1

Nimetoka zamu, watoto wamelala, tukae kidogo. Leo sio uji wa lishe wala ratiba ya chanjo, mnisamehe. Leo ni historia, tena ya kichezeo.

Imeanza hivi. Mdogo wake mume wangu anaishi Uingereza. Wiki chache zilizopita akanitumia picha usiku: gari moshi dogo la chuma na shaba, urefu wake kama kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole, rangi ya kijani, magurudumu mekundu. Chini kaandika, "Shemeji, liko kwenye mnada wa mtandaoni, zimebaki siku nne. Nataka kumnunulia kijana wangu, anatimiza miaka saba. Linatembea kwa moto wa kweli!"

Mimi niliyesomea uuguzi nikaona neno moja tu hapo: moto. Wodi ninayofanya kazi inapokea watoto walioungua, na wengi wao wameungulia nyumbani, hatua mbili kutoka alipo mama. Nikamwandikia, "Subiri, usiweke hela kwanza." Nilipanga kusoma dakika kumi, nipate sababu ya kumkatalia. Nikasoma usiku tatu, jamani. Hii habari ni ndefu na ni tamu, na ndani yake kuna watu waliokufa.

Kwanza tuelewane tunaongelea kitu gani. Watoto wetu wanalijua treni la betri, na wengine sasa wanaijua SGR ya umeme. Hiki sio hicho. Hiki kina boila, yaani chungu cha chuma au shaba kilichofungwa pande zote. Ndani unatia maji, chini unawasha moto. Maji yakichemka yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi kubwa mno: maji ya kijiko kimoja yakiachiwa huru yanajaza nafasi ya vijiko kama 1,600. Sasa nafasi hiyo ndani ya boila haipo. Mvuke unabanana, unatafuta njia, na njia pekee iliyoachwa ni kabomba kanakoelekea kwenye silinda. Huko unasukuma pistoni, pistoni inasukuma gurudumu. Gari linatembea.

Nguvu yote ya kile kichezeo ni mvuke uliozuiliwa. Ukiwahi kusikia sufuria ya presha ikilia jikoni na maharage ndani, unajua ninachosema.

SEHEMU YA 2

Mtu wa kwanza kuitumia nguvu hiyo kwa ujasiri alikuwa Richard Trevithick, Mwingereza wa Cornwall, kule kwenye migodi. Kabla yake injini zilikuwa kubwa kama nyumba na zilitumia mvuke wenye presha ndogo, kwa sababu mafundi waliiogopa presha kubwa. Trevithick akasema tupandishe presha, injini itakuwa ndogo, itabebeka.

Mwaka 1803 injini yake moja ilikuwa inafanya kazi Greenwich, karibu na London. Kijana aliyeachiwa kuiangalia akaondoka kwenda kuvua mikunga. Boila ikalipuka. Watu wanne walikufa.

Niliposoma hapo nikaweka simu chini kidogo. Kijana kaambiwa kaa hapa angalia moto, naye akaona mtoni kuna raha zaidi. Ni mtoto gani asingeenda?

Lakini angalia Trevithick alifanya nini baada ya hapo. Hakuishia kumlaumu kijana. Injini zake zilizofuata aliziwekea vali mbili za usalama badala ya moja, ili moja ikikwama nyingine ifunguke. Akaongeza na kizibo cha risasi kwenye boila, juu ya moto. Maji yakipungua mno, kizibo kinapata moto, risasi inayeyuka, mvuke unatokea hapo na kupiga kelele kabla boila haijapasuka. Yaani alitengeneza injini akijua kabisa kwamba mwangalizi ataondoka. Sisi wauguzi tunapenda sana watu wa namna hii.

Tarehe 21 Februari 1804 gari lake la mvuke lilivuta tani 10 za chuma na watu wapatao 70 juu ya reli, Penydarren, huko Wales. Mwaka 1829 George Stephenson na mwanawe Robert wakashinda mashindano ya Rainhill kwa gari lao lililoitwa Rocket, na mwaka uliofuata reli ya Liverpool hadi Manchester ikafunguliwa. Haya ya magari makubwa mnaweza kuyasoma kokote, sikai nayo.

Mimi ninachotaka ni madogo. Katika karne hiyo hiyo, watengeneza vyombo vya kisayansi wa Uingereza wakaanza kuuza magari moshi madogo ya shaba ya manjano kwa ajili ya watoto wa wenye nazo. Hayakuwa na reli. Yalitembea sakafuni, magurudumu ya mbele yakiwa yamepindishwa kidogo ili gari lizunguke duara lisigonge ukuta. Moto wake ulikuwa taa ndogo ya spiriti chini ya boila. Watu waliyapa jina la utani ambalo kwa Kiswahili ningesema "vitiririshi", kwa sababu kila yalikopita yaliacha mstari wa maji sakafuni kama mtoto aliyevuliwa nepi. Na mara nyingine kilichomwagika hakikuwa maji, kilikuwa spiriti inayowaka. Kwenye zulia. Ndani ya nyumba yenye mapazia mpaka chini.

Na ndivyo wakina mama wa karne ya 19 walivyolipokea gari moshi la kuchezea.

SEHEMU YA 3

Watu walioligeuza kuwa biashara kubwa ni Wajerumani. Mji wa Nuremberg ulikuwa umejaa mafundi wa vichezeo vya bati, na kampuni ya ndugu wawili, Ignaz na Adolf Bing, ilikua mpaka ikawa kubwa kuliko zote za vichezeo duniani. Mwaka 1891 kampuni nyingine ya Kijerumani, Märklin, ilileta kwenye maonyesho ya Leipzig reli zenye vipimo maalumu, kwamba gari la kipimo hiki linakaa kwenye reli ya kipimo hiki. Linaonekana jambo dogo, lakini kuanzia hapo ungeweza kununua gari mwaka huu, reli mwaka ujao, behewa Krismasi. Ndio mwanzo wa baba kununua "vya mtoto" mpaka mtoto anaoa.

Kule Northampton, Uingereza, alikuwepo kijana Wenman Bassett-Lowke, mtoto wa fundi wa maboila. Mwaka 1899 alikuwa ameshaanza kuuza vipuri vya injini ndogo kwa katalogi ya posta. Mwaka 1900 akaenda maonyesho makubwa ya Paris, akaona kazi za Bing, wakakubaliana: Wajerumani watengeneze magari yanayofanana na yale halisi ya Uingereza, yeye ayauze. Magari hayo ndiyo hadi leo yakitokea mnadani watu wanagombana usiku wa manane.

Ona kwamba hata wakati huo mnunuzi alinunua kitu asichokiona, kwa picha na maneno. Tofauti ni kwamba kilikuwa kipya, kutoka kwa muuzaji aliyekijua.

Vita ya kwanza ya dunia ikavuruga mambo, Waingereza wakawa hawataki cha Mjerumani. Frank Hornby wa Liverpool akaleta mwaka 1920 treni za kutia ufunguo, unakaza springi zinatembea. Hazina moto wala maji. Mwaka 1925 akaleta la umeme la volti 110, kwenye reli ya kuchezea, sakafuni! Watu wakaogopa, na walikuwa sahihi, volti zikashushwa hadi 4, baadaye 6, kisha mfumo wa 20. Mnaona mtindo? Kwanza kinauzwa, halafu kinatisha, halafu kinafungwa kamba.

Mvuke haukufa, ila uligawanyika. Upande mmoja wakawa mafundi wa kujitolea, watu wazima wenye karakana nyuma ya nyumba, wanaojenga injini ndogo za kuchoma makaa ya mawe ya kweli. Mwaka 1924 walibishana hadharani kama boila ndogo hivyo inaweza kuvuta mtu mzima. Iliweza. Hao wakaanzisha vyama, na vyama vikaweka sheria ya kupima boila, nitaieleza sasa hivi.

Upande wa pili vikabaki vichezeo. Mamod, kampuni iliyoanzishwa na Geoffrey Malins Birmingham miaka ya 1930, iliuza injini ndogo za mvuke kwa vizazi, na mwaka 1979 ikatoa gari moshi la kutembea kwenye reli. Kwa miaka mingi moto wa injini zake ulikuwa taa ya spiriti. Miaka ya 1970 wakahamia vidonge vya kuwasha, vigumu kama sabuni, ambavyo haviwezi kumwagika. Mimi hapo nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Spiriti ina ubaya wa aina tatu. Moto wake mchana hauonekani vizuri, mtu anadhani umezimika, anamimina tena. Ikimwagika inakwenda na moto wake. Na mtoto akiinywa, ile ya viwandani ina methanoli, inaweza kumpofusha au kumuua. Kile kitendo cha kuongeza mafuta kwenye moto ambao "umezimika" nimekisikia wodini mara nyingi kuliko ningependa, ingawa kwetu ni jiko, sio kichezeo.

SEHEMU YA 4

Sasa mnada. Mwaka 1995 Pierre Omidyar alifungua Marekani mnada wa mtandaoni ambao baadaye uliitwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya leza iliyoharibika, dola 14.83. Alimuuliza mnunuzi kama ameelewa kwamba ni mbovu, akajibiwa ndiyo, mimi hukusanya mbovu. Nikacheka, nikakumbuka shemeji.

Kwa sababu hapo ndipo kamba zote nilizowaeleza zinapokatika. Kichezeo kilitoka dukani kikiwa na boksi, karatasi ya maelekezo, vali mpya na aina ya moto iliyoandikwa. Miaka 40 baadaye mwenyewe amefariki, wajukuu wanasafisha dari la nyumba, wanapiga picha tatu wanaweka mnadani. Boksi halipo. Karatasi haipo. Vali imeganda kwa ule ukoko mweupe mnaouona ndani ya birika la maji ya kisima. Anayeuza hajui hata inawashwaje, na wala hakudanganyi.

Nilimwambia shemeji asome maneno, aache picha. "Halijajaribiwa" maana yake lichukulie halifanyi kazi, au lilifanya likavuja. "Linauzwa kama lilivyo" maana yake ukishalipa ni lako na matatizo yake. "Boila haina cheti" ni neno la kweli, tena mshukuru aliyeliandika. Muulize muuzaji: limewahi kuachwa likaungua bila maji? Viungo vya boila nyingi za kuchezea vimelehemiwa kwa risasi na bati, na lehemu hiyo inayeyuka maji yakiisha juu ya moto. Kizibo cha Trevithick ni kwa ajili ya hapo hapo. Taa nyingine za zamani zilikuwa na utambi wa asbestosi, na boila nyingine zimevikwa asbestosi kutunza joto. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999, lakini dari za nyumba hazisomi sheria. Ukiona nyuzi nyeupe au kijivu zinazochambuka, usikwangue, usipulize. Rangi ya zamani nayo inaweza kuwa na risasi, na mtoto mdogo kila kitu ni mdomoni.

Pia namna ya kuweka dau. Unaandika kiwango chako cha juu, mtandao unapanda kidogo kidogo kwa niaba yako. Andika kiwango ukiwa umeshiba na umetulia, kisha funga simu. Dakika ya mwisho ndipo akili zinapotoka.

Akashinda, kwa bei ambayo mke wake hajaambiwa, nami siandiki hapa. Nikamwekea sharti moja: mtoto asilione likiwaka mpaka boila ipimwe. Vyama vile vya mafundi hupima kwa maji baridi, sio mvuke. Wanajaza boila maji mpaka juu, wanasukuma kwa pampu hadi mara mbili ya presha yake ya kazi kama ni mpya, mara moja na nusu kama imeshatumika. Maji hayabonyei kama mvuke, kwa hiyo boila ikishindwa inadondosha tone tu, presha inashuka, basi. Hakuna kinachoruka.

Jumamosi akampata mzee mmoja wa chama karibu na anapoishi. Mtoto alikwenda naye. Wakajaza, wakasukuma, na kabla hata hawajafika kipimo tone likatokea nyuma ya boila, kwenye kiungo. Mtoto ndiye aliyeliona wa kwanza. Tone moja la maji baridi kwenye meza.

Kiungo kinaweza kulehemiwa upya kwa fedha badala ya risasi, mzee kasema atajaribu, hana haraka. Kwa wanaouliza kwenye maoni: mtoto akiungua na mvuke au maji ya moto, maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, mvue nguo na bangili ambazo hazijagandia ngozi, mfunike kwa kitambaa safi, mlete. Dawa ya meno, asali, yai, unga, hapana. Tunakuja kuvisugua tena wodini na mtoto analia mara mbili.

Gari lenyewe liko kwenye kabati la vitabu bila boila, boila iko kwa mzee. Mtoto analisukuma kwa mkono kwenye zulia na mlio anautoa mwenyewe mdomoni.