Lubumbashi ndiko alikopikwa Samatta

Waulize Watanzania kumi siku kubwa ya Mbwana Samatta, wengi watakutajia Wembley, Machi 1, 2020. Ilikuwa fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza, na Aston Villa walikuwa wamekwishafungwa mawili na Manchester City ndani ya nusu saa. Dakika ya 41 Anwar El Ghazi akamimina krosi, nahodha wa Taifa Stars akajirusha mzimamzima na kuupachika mpira wavuni kwa kichwa. Villa walilala 2-1, lakini Mtanzania alikuwa amefunga Wembley.

Bao lile halitafutika. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kwa historia ya soka letu siku yenye uzito zaidi ilikuwa Novemba 8, 2015, na haikuwa Ulaya. Ilikuwa Lubumbashi, kwenye uwanja wa nyasi bandia wa TP Mazembe.

Samatta ni kijana wa Mbagala. Alianzia African Lyon, timu iliyokuwa ikijulikana kama Mbagala Market, na mwaka 2010 akasajiliwa Simba. Msimbazi hakukaa sana. Mwaka 2011 Simba walipangwa na Mazembe katika Ligi ya Mabingwa Afrika, na Mazembe ndio waliokuwa wametwaa kombe hilo miaka miwili mfululizo, 2009 na 2010. Simba walipigwa 3-1 Lubumbashi na 3-2 Dar es Salaam. Baadaye wakakata rufaa kwamba wapinzani wao walimchezesha beki Janvier Bokungu kinyume cha kanuni za usajili, CAF wakakubali, Mazembe wakaondolewa mashindanoni. Simba wakashinda mezani, lakini mwaka huohuo Mazembe wakamchukua mshambuliaji wao. Alikuwa na umri wa miaka 18.

Ni vyema kukumbuka alikwenda klabu ya namna gani. Mazembe ilianzishwa mwaka 1939, na kwa jina la Englebert ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Chini ya Moïse Katumbi, tajiri aliyekuwa pia gavana wa Katanga, ilirudi kileleni. Desemba 2010 ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikafungwa na Inter Milan 3-0. Kijana wa Mbagala alikuta chumba cha kubadilishia nguo chenye Trésor Mputu, Rainford Kalaba na kipa Robert Kidiaba, yule aliyekuwa akishangilia mabao kwa kurukaruka uwanjani kwa makalio.

Mji wenyewe unazungumza Kiswahili. Kiswahili cha Lubumbashi kina Kifaransa ndani yake na hakifanani na cha Kariakoo, lakini mgeni kutoka Dar anaulizia njia na kununua mahitaji yake bila mkalimani. Tena Samatta hakuwa peke yake, maana Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, alikuwa hapohapo Mazembe. Linganisha na Sunday Manara, yule Kompyuta wa Yanga, aliyetoka Jangwani mwaka 1977 akatua Heracles Almelo ya Uholanzi. Manara alifungua mlango kwa kipaji chake mwenyewe, bila daraja la kumvusha. Baada yake walipita wachache, na wengine wengi walikwenda majaribio wakarudi na mabegi yao.

Samatta hakukimbilia Ulaya. Alikaa Lubumbashi karibu miaka mitano, akajifunza kucheza ugenini Cairo, Tunis na Omdurman, akaonja pia uchungu wa kupoteza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2013 mbele ya CS Sfaxien. Ndipo ikaja Ligi ya Mabingwa Afrika ya mwaka 2015. Kwenye makundi aliwatungua Moghreb Tétouan mabao matatu katika mechi moja. Kwenye fainali alifunga Algiers dhidi ya USM Alger, Mazembe wakishinda 2-1, na katika marudiano ya Lubumbashi, ile Novemba 8, akafunga tena, kwa penalti, wakishinda 2-0. Alimaliza mashindano na mabao saba. Januari 2016, mjini Abuja, alitangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akiwaacha Kidiaba na Baghdad Bounedjah. Kabla yake Afrika Mashariki haikuwa imewahi kuipata tuzo ile.

Kwa hiyo Genk ya Ubelgiji, mwishoni mwa mwezi huohuo, ilimnunua bingwa wa Afrika mwenye miaka 23 aliyekwishaiva. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi na Genk wakatwaa ubingwa. Septemba 2019 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya, na siku hiyohiyo akafunga, ingawa Salzburg waliwachapa 6-2. Novemba, pale Anfield, ilipigwa kona, akapanda juu ya mabeki wa Liverpool na kuupiga kichwa ukampita Alisson. Ukilitazama tena bao hilo, angalia anavyosubiri kabla ya kuruka.

Villa walimchukua Januari 2020. Alifunga katika mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu, dhidi ya Bournemouth, kisha likaja janga la korona, na katika mechi 14 za ligi hakupata bao jingine. Wapo waliomkatia tamaa mapema mno. Akaenda Fenerbahçe, akapelekwa kwa mkopo Antwerp, akarudi Genk, halafu PAOK ya Ugiriki, ambako alipata ubingwa wa 2023/24, na mwaka 2025 akajiunga na Le Havre ya Ufaransa. Katikati ya safari hizo aliwaongoza Taifa Stars kwenye AFCON ya Misri mwaka 2019, fainali zetu za kwanza tangu Lagos mwaka 1980, na tulipofungwa 3-2 na Kenya moja la mabao yetu lilikuwa lake.

Siku hizi barabara ya Lubumbashi ina magari ya pande zote mbili. Ligi yetu ina fedha kuliko ilivyokuwa Samatta alipoondoka, na Wakongo nao wanakuja Dar. Fiston Mayele alitoka AS Vita ya Kinshasa akatua Yanga mwaka 2021. Mwaka 2023 aliwafikisha Wananchi fainali ya Kombe la Shirikisho, wakalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini, dhidi ya USM Alger walewale. Kisha akahamia Pyramids ya Misri, na mwaka 2025 akafunga katika fainali iliyowapa ubingwa wa Afrika.