Taadhima: Neno Linalosimama Nyuma ya Heshima

Mikutano yetu mingi ina fungu moja la maneno lisilokosekana: "Kwa heshima na taadhima, namkaribisha mgeni rasmi." Barua za maombi nazo hutumia maneno hayohayo, na baadhi ya washairi huyatanguliza kabla hata ya kubisha hodi. Kwa kuwa siku zote yanatembea pamoja, wengi wameyahesabu kuwa pacha, kana kwamba la pili limewekwa kulinogesha la kwanza tu. Sivyo. Ni maneno mawili yenye kazi mbili, na historia yake yatuonyesha mpaka ulipo.

Yote mawili yana asili ya Kiarabu, lakini kwa mizizi tofauti. Heshima yatokana na neno lenye maana ya haya, staha, kujizuia. Kwa asili yake lamtazama kwanza yule anayeheshimu: anayeinamisha macho mbele ya wazazi, anayechunga ulimi barazani. Waswahili wakalipanua hata likawa pia sifa ya anayeheshimiwa. Ndiyo maana tukisema fulani "ana heshima", twaweza kumaanisha kwamba ana adabu, au kwamba watu wanamstahi.

Taadhima yatokana na kitendo cha kukitukuza kitu, kukiona na kukifanya kikubwa. Jamaa zake ni adhama, adhimu, adhimisha na maadhimisho. Katika Kiarabu, mzizi huohuo umezaa pia neno la mfupa, na mtu aliyesoma Al-Inkishafi, utenzi unaotazama magofu ya Pate na wakuu wake waliolala makaburini, hatashangaa kuona ukubwa na mifupa vikiishi nyumba moja.

Tofauti basi ni hii: heshima huanza kwa kujizuia, taadhima huanza kwa kuutambua uzito wa kilicho mbele yetu. Jirani, kijana, hata mpinzani wetu anastahili heshima kila siku. Kumpigia jirani taadhima kila asubuhi kungekuwa kichekesho.

Jambo la pili ni tahajia. Herufi dh ya Kiswahili imepokea sauti tatu za Kiarabu: ile ya adhabu, ile ya radhi na ile ya adhuhuri. Adhimu imo katika kundi la adhuhuri. Kando yake limekaa neno jingine lenye mzizi wa mbali kabisa, azimu, yaani kunuia, kukata shauri. Huko ndiko lilikotoka azimio, na ndiyo maana tamko la mwaka 1967 likaitwa Azimio la Arusha. Anayeandika "maazimisho ya Uhuru" ameingia nyumba isiyo yake: ametaja nia, naye alikusudia kutaja utukufu.

Jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo zito zaidi, ni mpaka kati ya kuadhimisha na kusherehekea. Tarehe 9 Desemba Mtanzania aweza kufanya yote mawili, kwa kuwa ni siku ya Uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961. Tarehe 7 Aprili je? Ni siku aliyouawa Sheikh Abeid Amani Karume, mwaka 1972. Siku hiyo huadhimishwa; haisherehekewi. Akitokea mtu akatualika "kusherehekea" Siku ya Karume, neno limemponyoka, na pamoja nalo msiba wa watu.

Lakini tusilidharau neno sherehe. Asili yake ni kufungua na kufafanua, pia kukunjua kifua kwa furaha. Ndiyo maana ufafanuzi wa maneno magumu katika diwani zetu nao huitwa sherehe. Kanisa Katoliki, katika kalenda yake ya Kiswahili, limelipa daraja la juu: sherehe, kisha sikukuu, kisha kumbukumbu. Hata hivyo Misa yenyewe huadhimishwa, iwe ya Pasaka au ya mazishi. Sherehe hapo yataja daraja la siku. Kuadhimisha kwataja namna ya kutenda, ambayo yaweza kubeba furaha na yaweza kubeba kilio.

Sasa niwageukie washairi wenzangu. Hesabuni mizani: "heshima na taadhima" ni mizani nane kamili, na kina chake ni -ma, kina chenye jamaa wengi: hekima, huruma, neema, daima. Kipande kizima cha mshororo chapatikana bila jasho! Hapo ndipo hatari ilipo. Neno lililoundwa kutaja uzito linageuzwa kuwa kokoto la kujazia ufa. Katika miaka yangu ya kufundisha, niliwaambia wanachuo wangu wakifute kipande hicho na kukisoma ubeti tena. Kama maana haikupungua, taadhima haikuwamo tangu mwanzo.

Lugha ina maneno mengi ya kushangilia, na machache ya kusimama wima na kunyamaza. Taadhima ni mojawapo ya hayo machache. Tukilitumia kwa kila mgeni na kila ubeti, siku tutakapozika mtu mkubwa tutalitafuta, nasi tutalikuta limekwisha makali.