Klabu za Kariakoo, Uwanja wa Temeke

Siku ya mechi ya watani, Kariakoo huhama. Kijani na njano hutoka kona ya Twiga na Jangwani, nyekundu hutoka Msimbazi, na wote hupanda daladala kwenda Temeke. Klabu mbili zenye makao mitaa ya kutembeleana kwa miguu huchezea mbali na kwao, kwa sababu uwanja ni wa serikali.

Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mji wa kikoloni uligawanywa kwa rangi: Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala, na eneo tupu la Mnazi Mmoja likawatenganisha. Upande huo wa Waafrika ndiko Yanga ilikoanzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata wakatokea wapinzani, wakaitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, hadi mwaka 1971 walipochukua jina la Simba.

Tumelizoea mno jina Young Africans hata hatulisikii tena. Katika mji ule, kujiita Waafrika, tena vijana, kulikuwa na uzito wake. Mtaa wa New Street, leo Lumumba, palikuwa na jengo la African Association, na humo ndimo TANU ilimozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Kutoka hapo hadi Jangwani hupandi gari. Ninaposoma historia ya siasa ya mji huu na historia ya mpira wake kama masomo mawili, naona tunajipunja.

Uhuru ulipokuja, Desemba 1961, bendera mpya ilipandishwa kwenye Uwanja wa Taifa, ambao sasa tunauita Uhuru. Mkubwa ulio jirani yake, wenye viti 60,000, ulijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2007. Mwaka 2020, baada ya kifo cha Benjamin Mkapa, ukapewa jina lake. Humo ndimo Yanga ilimofungwa 2-1 na USM Alger mwezi Mei 2023, katika fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho. Ikashinda 1-0 ugenini Algiers, lakini kombe likabaki huko kwa sheria ya bao la ugenini. (Wana Yanga bado hawaipendi hesabu hiyo.)

Mpangaji hana kauli. Mei 2025 Simba ilifika fainali ya kombe hilohilo dhidi ya RS Berkane, na mechi yake ya nyumbani ikachezwa Amaan, Zanzibar, kwa kuwa CAF haikuridhika na Uwanja wa Mkapa. Klabu ya Msimbazi ikavuka bahari kwenda kuwa mwenyeji. Sare ya 1-1 haikutosha, maana ilikuwa imeshafungwa 2-0 Morocco.

Yanga nayo ina kiwanja chake Jangwani, kilichopewa jina la Kenneth Kaunda. Kiko bondeni mwa Mto Msimbazi, na kila masika mikubwa mto huja kudai mahali pake. Ukipita Daraja la Jangwani siku hizo, utaona maji yametulia pale ambapo palitakiwa kuwa na nyasi.