Msuguano wa elektroni

Msuguano wa elektroni ni nguvu inayoizuia molekuli inapopenya metali au kugusa uso wake, nishati yake ikimezwa na elektroni huru zinazoitwa, kwa pamoja, gesi ya elektroni. Katika shaba nyekundu, zile zenye mbio kuliko zote hukimbia karibu kilomita 1,570 kwa sekunde. Molekuli yenye kasi ndogo kuliko hiyo huitwa ya “polepole”, lakini neno hilo lisimhadae msomaji: molekuli iendayo kilomita 100 kwa sekunde ingetoka Malindi, Unguja, ikafika Dar es Salaam kabla sekunde haijatimia, na bado huhesabiwa ya polepole.

Kanuni ya Wolfgang Pauli (1925) hairuhusu elektroni mbili kuwa katika hali moja. Gesi hii ni kama daladala la Bububu wakati wa jioni: waliobanwa ndani hawana pa kusogea, na anayeweza kusukumwa ni aliyening’inia mlangoni. Molekuli ya polepole huwafikia hao wachache tu, tena kwa msukumo hafifu. Ndiyo maana, kama walivyoonyesha Enrico Fermi na Edward Teller mwaka 1947, nishati inayopotea katika kila kipande cha njia hulingana na kasi: kasi ikipungua nusu, hasara nayo hupungua nusu.

Molekuli ya atomu mbili ina mambo yake. Wimbi la elektroni lililotawanywa na atomu moja huikuta ya pili, na hasara ikazidi au ikapungua jumla ya hasara za atomu mbili zilizo mbalimbali, kutegemea nafasi iliyo kati yao na upande molekuli ilikoelekea.

Kwenye misumari ya shaba ya milango ya Mji Mkongwe, naitrojeni ya hewa hugonga kwa wastani wa mita 480 hivi kwa sekunde na kuruka tena. Hapo kazi kubwa hufanywa na mtikisiko wa atomu za metali, elektroni zikichangia kidogo mno. Elektroni hutamba molekuli ikinata na kutetemeka. Monoksidi ya kaboni juu ya shaba nyekundu hupoteza mtetemo wake kwa pikosekunde 2 hivi. Juu ya fuwele ya chumvi iliyopozwa sana, isiyo na elektroni huru, hutetemeka milisekunde 4, muda mrefu zaidi ya mara bilioni moja. Chumvi ya upepo wa bahari na shaba hukutana kwenye milango hiyo, lakini mitetemo hiyo haipimwi pale: hata msumari uliosuguliwa kwa ndimu ukang’aa huwa na utando wa oksidi, na vipimo hivi hutaka uso safi ndani ya ombwe.