Michezo ya ubao katika nyumba zetu: ilivyofika ziwani na namna ya kuitunza

Uvira, Kivu Kusini – Nyumba nyingi za mji wetu, kutoka Kavimvira hadi Kalundu, zina michezo yake mahali fulani: ubao wa ludo nyuma ya kabati, karata ndani ya sashe, vifuniko vya Primus ndani ya kopo la maziwa, na kwa wenye bahati, bao la mti lililoachwa na babu. Vitu hivi havihesabiwi kuwa mali. Siku ya kukimbia hakuna anayevifikiria, na ni haki: kwanza watoto, kisha karatasi za nyumba, chakula na blanketi. Lakini familia ikishatulia, iwe imerudi au iko ugenini, watoto huuliza watacheza nini. Mara nyingine mzee aliyejua sheria za mchezo hayupo tena.

Wapenzi wasomaji na wasikilizaji, leo tunaeleza michezo hiyo ilitoka wapi na ilifikaje kandokando ya Tanganyika. Anayejua historia yake atajua pia namna ya kuipanga nyumbani, na kipi cha kuokoa kwanza.

Bao, mchezo wa pande zote za ziwa

Mkubwa wao ni mchezo wa mashimo na mbegu. Warundi, majirani zetu wa ng'ambo, wanauita ikibuguzo. Wanyarwanda wanasema igisoro, Waganda omweso, na Waswahili wa Pwani bao. Majina ni manne, lakini igisoro, omweso na bao la Kiswahili vina hesabu moja: safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32, na kete 64, yaani 32 kwa kila mchezaji. Ndani zaidi ya Kongo, upande wa Kasai, kuna ndugu yao aitwaye kisolo, ambaye mara nyingi ana mashimo 7 kwa kila safu.

Mchezo huu haukuwa wa watoto tu. Katika Rwanda na Buganda ulichezwa hata kwenye ua wa wafalme. Wakuba wa Kasai walichonga sanamu ya mfalme wao Shyaam aMbul aNgoong, aliyetawala karne ya 17, wakaweka ubao wa mchezo mbele ya magoti yake kama alama ya utawala wake. Sanamu hiyo leo iko British Museum, mjini London.

Jina la bao lilikuja kwetu pamoja na Kiswahili, kwa njia ya misafara kutoka Pwani kupitia Tabora na Ujiji. Mwaka 1858 Waingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji. Burton aliandika kwamba hapa palikuwa soko kubwa la upande wa kaskazini: watumwa, pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti na vitu vya chuma. Tusisahau neno la kwanza katika orodha hiyo. Njia iliyotuletea lugha ndiyo iliyopitisha watu waliofungwa minyororo.

Ubao ni mmoja, lakini sheria zinatofautiana. Katika bao la Kiswahili, kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, anazoziingiza moja moja. Kuingiza huko kunaitwa kunamua. Katika igisoro, kila mtu anapanga kete 4 katika mashimo 8, na zote 32 ziko ubaoni tangu mwanzo. Watu wa mahali mbalimbali wakikaa kwenye ubao mmoja ni lazima wakubaliane kabla ya kuanza, na wakishakubaliana wanacheza. Kwa watu wa Bonde la Ruzizi, ambao wameambiwa mara nyingi kwamba hawana kitu wanachoshiriki na jirani yao, ubao huu ni ushahidi ambao kila mtu anaweza kuuhesabu kwa kidole.

Dame, ludo na karata

Dame ilikuja baadaye, na jina lake linaonyesha mlango iliyopitia: ni neno la Kifaransa. Dame ya wanaosema Kifaransa ina miraba 100 na kete 20 kila upande. Ng'ambo, Kigoma, wanacheza drafti ya miraba 64 na kete 12 kila upande. Mtu aliyejifunzia huku akivuka ziwa atakuta ubao mdogo na sheria nyingine. Mpaka wa wakoloni unaonekana hata kwenye kipande cha mbao.

Watu wetu waliifanya dame kuwa mali yao. Kete za dukani hazihitajiki: upande mmoja unalaza vifuniko vya chupa vikitazama juu, mwingine vikitazama chini. Kete ikifika mwisho na kuwa dama, inapandishiwa kifuniko cha pili.

Ludo ilitoka India, katika mchezo wa zamani uitwao pachisi. Uingereza iliufanya kuwa rahisi, ikauandikisha kwa jina la ludo mwaka 1896, na ukaenea katika makoloni yake. Karata nazo zimezunguka dunia nzima kabla ya kufika kwenye vibanda vyetu.

Maji na vita

Historia ya hapa imezivuruga nyumba mara nyingi. Oktoba 1996 vita viliingia Uvira, na watu wengi wa Uvira na Fizi wakavuka ziwa. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilianza mwaka huohuo, na wako watu wazima leo waliozaliwa humo. Mwaka 2015 Warundi nao walikimbilia kwetu na kupokelewa Lusenda, katika Fizi. Katikati ya Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Ziwa nalo likapanda na kuingia katika nyumba za kandokando. Mapema mwaka 2025 makumi ya maelfu ya watu walivuka Ruzizi kuingia Cibitoke, Burundi.

Kila mara mbao zimeungua, zimeoza au zimegeuzwa kuni. Ludo ya katoni haivumilii maji hata usiku mmoja. Lakini bao linaweza kuchimbwa ardhini kwa mkono, mashimo 32, na kete zikawa kokoto au punje za mahindi. Dame inachorwa kwa mkaa. Ubao unapatikana popote palipo udongo. Sheria hazipatikani hivyo: zikimpotea mwenye kuzijua, udongo hauwezi kuzirudisha.

Namna ya kupanga nyumbani

Kwanza, jueni hesabu. Bao lina kete 64. Dame ya miraba 100 ina 40. Ludo ina 16 pamoja na dadu. Karata ni 52 bila jokari. Domino ni 28. Kila mchezo uwe na sashe au kopo lake, na namba hiyo iandikwe juu yake.

Pili, hesabuni kabla ya kucheza na baada ya kucheza. Kazi hiyo apewe mtoto mdogo kuliko wote anayejua kuhesabu. Atajifunza namba bila kuchapwa. Kilichopotea kizibwe siku hiyohiyo kwa kokoto au kifuniko, kwa sababu mchezo wenye pengo hauchezwi tena.

Tatu, wekeni juu. Anayekaa karibu na mto au ziwa asiweke sanduku la michezo chini ya kitanda.

Nne, ubao wa katoni unakilini kwa rula kwenye kitambaa kizito. Kitambaa hukunjwa, hukauka kikilowa, na hakina uzito mgongoni.

Tano, ambalo ndilo kubwa: hifadhini sheria. Mzee aeleze mchezo wake polepole, na kijana aandike kwenye daftari au arekodi sauti kwa simu, kisha atume kwa ndugu walio Bujumbura, Nyarugusu au mbali zaidi. Aseme pia majina: nyumba, kichwa, kimbi, takata. Majina hayo yakisahauliwa, sheria hazielezeki tena.

Kwa watoto, anzeni na bao la kujifunza: kete 2 katika kila shimo, jumla 64, bila kunamua. Wakizoea, wapandisheni kwenye bao kamili.

Ndugu mlio mbali na nyumba zenu, ninyi hamna kabati la kupanga, na huenda hamna hata kopo. Lakini kama kati yenu yuko mtu mmoja anayejua kucheza, mkusanyiko wa familia bado upo. Mwombeni achimbe mashimo leo jioni, na watoto wakae karibu.