Stesheni hadi Pugu: reli ya bara ilivyokuja kuwa ya mjini

Jumatatu ya Oktoba 29, 2012, Dar es Salaam ilianza kupanda treni kwenda kazini. Siku hiyo mashirika mawili ya reli yalianza kusafirisha abiria ndani ya jiji kwa wakati mmoja. TRL, mwenye reli ya bara, iliwachukua watu kati ya Stesheni, katikati ya mji, na Ubungo Maziwa. TAZARA nayo ilikwenda kati ya stesheni yake ya Barabara ya Pugu na Mwakanga, upande wa Ukonga na Majohe. Waziri wa Uchukuzi wakati huo alikuwa Harrison Mwakyembe, aliyekabidhiwa wizara hiyo Mei mwaka uleule, na wananchi hawakuchelewa kuupa usafiri huo jina: Treni ya Mwakyembe. Jina hilo limedumu hata baada ya mwenyewe kuondoka wizarani.

Hakukuwa na reli mpya hata moja. Vichwa na mabehewa vilikuwa vya zamani, vimefanyiwa ukarabati. Njia yenyewe ya TRL ilikuwa chini ya miguu ya watu wa Buguruni na Gongo la Mboto tangu enzi za babu zao.

Ilijengwa na Wajerumani. Februari 1905 Prince Adalbert, mtoto wa Kaisari wa Ujerumani, alishiriki katika sherehe ya kuanza kazi Dar es Salaam, na ujenzi ukakabidhiwa kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt. Miezi michache baadaye Vita vya Maji Maji vikalipuka kusini, lakini kazi iliendelea. Desemba 1907 treni ikafika Morogoro, kiasi cha kilomita 200 kutoka pwani. Tabora ilifikiwa mwaka 1912, na Februari 1914 reli ikagusa Ziwa Tanganyika pale Kigoma, baada ya safari ya karibu kilomita 1,250. Upana wake, kutoka chuma hadi chuma, ni mita moja.

Reli hiyo ndiyo iliyoipandisha Dar es Salaam na kuishusha Bagamoyo. Kwa miongo mingi misafara ya wapagazi kutoka Unyamwezi na Ujiji ilikuwa ikiishia Bagamoyo na pembe za ndovu zake, na kutoka huko mali ikavuka kwenda Unguja. Treni ilipoanza kushusha mzigo kando ya bandari ya Dar es Salaam, njia ya miguu ikafa. Kwa mkoloni hilo lilikuwa lengo lenyewe: kutoa mazao bara na kuyafikisha melini, na wakati wa vita kupeleka askari bara. Mwaka 1916 Wajerumani waliporudi nyuma mbele ya Waingereza, walivunja madaraja ya reli hiyohiyo ili isimfae adui.

Ukiitazama njia hiyo kwa jicho la mtu wa mjini, utaona ilivyopangwa kumpita. Kutoka Stesheni inazunguka Gerezani na Kamata, inapita Buguruni na Vingunguti, inaelekea Karakata na Gongo la Mboto, kisha inaanza kupanda vilima vya Pugu. Leo huo ni mfululizo wa mitaa iliyobanana, nyumba kwa nyumba. Wakati wa Mjerumani palikuwa na mashamba, minazi na vijiji. Ratiba iliandikwa kwa ajili ya Morogoro, Dodoma na Tabora. Treni ya bara iliondoka na abiria wake na vikapu vyao, ikapiga honi kwenye makutano, ikapotea vilimani.

Pugu yenyewe ilikuwa mbali na mji. Mwalimu Nyerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Francis ya Pugu baada ya kurudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, hadi alipojiuzulu Machi 1955. Mwaka 1953 alichaguliwa kuongoza chama cha TAA, na mwaka uliofuata TANU ikazaliwa, ilhali yeye bado ni mwalimu kule vilimani. Kila mkutano wa mjini ulikuwa safari. Anayekaa Pugu leo na kufanya kazi Kariakoo anaujua umbali ule vizuri, ingawa siku hizi kinachomla ni foleni.

Ni vigumu kuandika habari za reli hii bila kuwataja walioiendesha. Walikuwa miongoni mwa wafanyakazi waliojipanga mapema zaidi nchini. Mgomo wa makuli wa bandari wa mwaka 1947 ulienea kwa haraka hadi kwa wafanyakazi wa reli na kusambaa mikoani kwa kufuata njia ya treni. Mwaka 1960, uhuru ukiwa mlangoni, chama chao cha TRAU, ambacho Christopher Kassanga Tumbo alikuwa mmoja wa viongozi wake, kiligoma kwa siku 82. Fundi wa karakana, mpiga bendera na dereva wa kichwa walikuwa watu wenye heshima mtaani, na kazi ya reli ilirithiwa na mtoto kutoka kwa baba.

Baada ya uhuru mji ulipanuka kwa kasi, na viwanda vikafuata chuma. Barabara ya Pugu, inayoitwa sasa Barabara ya Nyerere, ikawa mhimili wa viwanda kwa sababu reli ilikuwa jirani. Tawi likakatwa pia kuelekea Ubungo, kuhudumia viwanda vya huko. Kituo cha Ubungo Maziwa kinakumbusha kiwanda cha maziwa kilichokuwa hapo, na jirani yake kulikuwa na kiwanda cha nguo cha Urafiki na kiwanda cha zana za kilimo cha UFI, vyote viwili vikiwa matunda ya urafiki na China. Kamata nako kumebeba jina la Kampuni ya Mabasi ya Taifa. Kwa hiyo abiria aliyekwenda kazini kwa treni ya mwaka 2012 alikuwa akipita katikati ya ramani ya uchumi wa Ujamaa, akitumia njia iliyowekwa kwa ajili ya mabehewa ya mizigo.

China ndiyo iliyoleta pia reli ya pili. Ujenzi wa TAZARA ulizinduliwa mwaka 1970 ili Zambia ipate njia ya bahari isiyopita kwenye nchi zilizotawaliwa na makaburu na Wareno. Ilikabidhiwa rasmi Julai 1976 ikiwa na urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Upana wake ni milimita 1,067, sawa na reli za kusini mwa Afrika. Milimita 67 ni kitu kidogo sana, hazifiki upana wa kiganja, lakini zinatosha kuzuia behewa la reli moja lisikanyage reli ya nyingine. Ndiyo maana mwaka 2012 jiji moja lilianza na treni mbili za mjini zisizoweza kuungana, kila moja na stesheni yake na wafanyakazi wake. Mkazi wa Mwakanga aliyetaka kufika Stesheni alishuka Tazara na kutafuta daladala.

Kwa nini basi ilichukua muda mrefu hivyo jiji kupata treni yake? Sehemu ya jibu iko barabarani. Mwaka 1974 serikali iliunda shirika la mabasi la UDA ili libebe wakazi wa jiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa zimekauka, vipuri havipatikani, na mabasi yakawa yanalala gereji. Mwaka 1983 magari ya watu binafsi yakahalalishwa, na daladala ikautwaa mji. Sehemu nyingine ya jibu iko kwenye reli yenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilizaliwa na mitambo iliyochoka. Mwaka 2007 likabinafsishwa kwa kampuni ya RITES ya India, iliyochukua asilimia 51 ya hisa za TRL. Ndoa hiyo haikudumu, na mwaka 2011 serikali ilirudisha reli mikononi mwake. Shirika linalohangaikia mishahara na vichwa vya kuvuta mizigo kwenda Kigoma haliwezi kuwaza abiria wa Tabata.

Wakati huohuo watu waliongezeka. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu karibu watu milioni 2.5 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya 2012, iliyofanyika miezi miwili kabla ya treni kuanza, ilihesabu 4,364,541. Walikuwa wamejenga Ukonga, Majohe, Tabata na Kitunda, kisha kila alfajiri wote wakaelekea Posta na Kariakoo kwa barabara zilezile chache.

Hapo ndipo thamani ya treni ilipoonekana. Behewa moja linameza watu wa daladala kadhaa, na chuma hakina foleni. Waliofurahi kuliko wote, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni wanafunzi. Kwenye daladala mwanafunzi ni mzigo usiotakiwa, kwa kuwa nauli yake ni ndogo na konda anaona anamnyang'anya kiti cha mtu mzima. Mtoto wa sekondari anaweza kusimama kituoni saa nzima akisukumwa mlangoni, na msichana akachelewa kurudi nyumbani mpaka giza liingie. Treni haikuwa na konda wa kumkataza. Hilo peke yake lilitosha kuifanya kazi yote ya ukarabati iwe na maana.

Udhaifu nao haukujificha. Njia ni moja tu, kwa hiyo treni ya mjini ililazimika kupishana na za bara na za mizigo, na safari zikabanwa asubuhi na jioni. Vituo vingi vilikuwa vituo kwa jina. Abiria walisubiri juani, wakapanda kutoka kwenye kokoto kwa kushika vyuma, jambo gumu kwa mama mjamzito au mzee. Kwenye mitaa kadhaa watu wamejenga mpaka karibu na tuta, na reli ni njia ya miguu na mahali pa kutandaza nyanya. Tena kuna maji. Njia ya Ubungo inavuka bonde la Msimbazi, bonde ambalo mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwahamisha wengi, na ambalo hufurika tena na tena mvua zinapokuwa kubwa.

Hata hivyo huduma haikufa. Mwaka 2016 treni ilianza kwenda Pugu pia, safari hii kwa kutumia njia kuu ya mwaka 1907, ikihudumia Karakata na Gongo la Mboto. Mwaka huohuo mabasi ya mwendokasi yalianza kukimbia Barabara ya Morogoro kutoka Kimara. Watu wa Kimara walipata barabara yao wenyewe na vituo vyenye mapaa, na watu wa Gongo la Mboto wakapata mabehewa ya zamani. Tofauti hiyo iliwauma, na ilikuwa haki iwaume.

Aprili 2017 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la reli mpya ya kisasa (SGR) hapohapo Pugu. Mwaka uleule sheria mpya ikalirudisha shirika chini ya jina la TRC. Juni 14, 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria hadi Morogoro, na Agosti 1 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua rasmi safari hadi Dodoma. Katikati ya jiji reli hiyo inapita juu ya daraja refu, mbali na makutano ya Kamata na Buguruni, na upana wake ni milimita 1,435. Dar es Salaam sasa ina reli za vipimo vitatu, na Pugu ina stesheni ya SGR pamoja na ile ya zamani. Treni ya umeme inaunganisha mikoa, na vituo vyake viko mbali kimoja na kingine. Mtu wa Karakata hawezi kuipanda kwenda kazini. Inayomfaa bado ni ile ya mita moja, na kwa kuwa mizigo na abiria wa bara wanahamia taratibu kwenye reli mpya, njia ya Mjerumani inapata nafasi ambayo haijawahi kuwa nayo tangu 1907. Kuna nafasi ya treni ya mchana na ya usiku, si ya asubuhi na jioni peke yake, na pale Buguruni, Karakata na Gongo la Mboto pajengwe majukwaa yenye kimo sawa na mlango wa behewa, yenye paa, taa na uzio wa kuwazuia watoto wasikatize relini.